Nilimfundisha Nekesa kukata maneno marefu ya Kijerumani, karibu nimharibie safari

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Hii sikusimuliwa, nilikuwepo.

Nilipoanza Kijerumani, jirani zetu Bungoma walicheka. "Huyu hata Kiswahili anasema 'kura chakura', Kijerumani ndio ataweza?"

Leo nina diploma ya uuguzi ya huko huko Ujerumani. Nimefanya kazi wodini miaka sita, nimerudi, na nimefungua darasa langu la Kijerumani juu ya duka la agrovet, la mbegu na dawa za mifugo. Hakuna aliyenishika mkono.

Siri niliyowapa wanafunzi ilikuwa moja: kukata. Wajerumani huunganisha maneno mpaka mstari unajaa. Chukua Krankenversicherung. Kata, unapata wagonjwa na bima. Bima ya matibabu, basi.

Nekesa, muuza mahindi wa Myanga, alikata kuliko wote. Kwa karatasi hakuna aliyemfikia.

Lakini mtihani wa kusikiliza ulimwangusha mara mbili. Chuo cha uuguzi kule kilikuwa kimemwekea nafasi, na kilikubali jaribio moja tu lililobaki.

Nikamwambia akate haraka zaidi. (Ndiyo, mtu mzima na diploma yake.)

Nekesa akaniuliza, "Mwalimu, ukisikia 'hatutawauzia' si unaelewa papo hapo? Wewe hukata saa ngapi?"

Akaendelea:

"Nikimaliza kukata neno moja, huyo wa kwenye audio ameshafika la tano. Sokoni mteja akitaka mahindi sihesabu punje, bana. Najaza gorogoro, kopo zima la kupimia, mara moja."

Hapo nikakumbuka wodini. Maneno ya kila siku nilikuwa nayameza mazima bila kujua, halafu nikarudi nyumbani kujisifia kukata.

Nikamrekodia maneno marefu arobaini ya hospitalini. Akawa anayasikiliza na kuyarudia kwa sauti, kila moja zima, huku akipima mahindi. Wateja wakaanza kumsalimu, "Niaje, Krankenversicherung!"

Siku ya majibu ya jaribio lile la mwisho alipiga simu nikiwa darasani. Kabla aseme lolote, nilisikia wauzaji wenzake nyuma wakipiga kelele neno lile lile, bila kukosea hata herufi.

"Umesikia, mwalimu?"

Nimesikia.

Ya wataalamu wa ubongo siyajui. Niliyoyaona mimi: neno geni likate, la kila siku limeze. Nekesa alifaulu akaenda Ujerumani; gorogoro lake ameniachia, liko mezani pa darasa.

Nyinyi mliojifunza lugha ukubwani, mnakata au mnajaza? Semeni hapa chini, hata mnaonicheka.