Kisima Kisichoitikia Salamu

Saa nne asubuhi, Gharib Muhdhar, msafisha visima, anainama juu ya kisima cha mtaa wake, Mji wa Kale, Mombasa. Anatoa salamu mara tatu, kisha anatega sikio. Kimya. Visima vyote alivyovisafisha tangu ujana wake humrudishia sauti yake. Hiki leo ni siku ya nane hakirudishi kitu. Hata vyura wamenyamaza.

"Kila kisima kina mwenyewe," ajisemea. "Huwezi kushuka bila kumpigia hodi."

Adabu hiyo hiyo ndiyo iliyomponza. Mara mbili amekwenda ofisini kwa Barnabas Ogutu, mwandishi wa gazeti anayefuatilia habari za bahari, mikoko na maji. Mara mbili ameanza na jini mwenye kisima, kwani kwake kukitaja kisima kabla ya mwenyewe ni utovu wa heshima. Barnabas, mtu wa bara, aliweka kalamu chini kabla mzee hajafika kwenye mafuta.

Na mafuta yapo. Yanaelea juu ya maji, yananuka, na Gharib anashuku yanavuja kutoka shimo la karakana moja mtaa wa nyuma. Nyumba arubaini huchota hapa. Mjukuu wake, Mwanaesha, anatapika wiki nzima sasa. Majirani wamefukiza ubani, wametia halua kisimani kumridhisha jini, wakaendelea kuchota. Gharib anaogopa, wala haoni haya kusema.

Leo anapiga moyo konde. Anawaopoa samaki wadogo waliofugwa kisimani ili wale viluwiluwi vya mbu. Wote wamekufa, macho meupe. Anawatia katika chupa na kushika njia.

"Bwana Barnabas, leo sisemi. Tazama mwenyewe."

Barnabas anafungua kizibo, ananusa, anakunja uso. "Hawa wametoka kwenye maji ya kunywa, mzee?"

"Hata sasa hivi kuna watu wachotao."

Kalamu inashikwa. Kesho baada ya adhuhuri watashuka kisimani pamoja, wachukue maji yakapimwe. Habari itoke Ijumaa, kisima kifungwe. Ndilo tumaini la Gharib, maana majirani wasiomsikiliza yeye hulisikiliza gazeti.

Barnabas anacheka kidogo. "Na jini, mzee, nimwache?"

Gharib hacheki. "Mwandike naye. Amekaa mle kabla ya babu zetu. Ikiwa yeye amehama, sisi twangoja nini?"