Gunia la Bibi na Kompyuta za Shangazi

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, nilipofika Izigo kwa Bibi nimekaza tai kama bwana harusi, barua mfukoni, kichwa kimevimba kuliko kofia. Ilikuwa miaka ile wakimbizi wa vita vya nchi jirani walipojaa upande wa Ngara, na huku kwetu ule ugonjwa wa Ukimwi, tulioupa jina la Juliana, ulikuwa umetuzoesha kuchimba makaburi kati ya migomba. Shangazi Kokugonza alikuwa akilea yatima sita wa ndugu zetu. Nami, kijana wa kidato cha nne niliyependa kiti kuliko barabara, nilimsaidia dukani kwake Bukoba mjini.

Duka lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja madaftari na kalamu. Huo ndio uliowalisha wale sita. Upande wa pili kompyuta za chapa ya Tausi, zilizokuja kwa meli kutoka Mwanza, zimefungwa kama mayai. Sasa wenye Tausi wakatuandikia: katika kila kompyuta kumi zinazonunuliwa Kagera, ngapi mmeuza ninyi? Kama zinapita nusu, Shangazi angekuwa wakala mkuu wa mkoa, mradi aondoe madaftari na duka lote liwe la kompyuta.

"Pima wewe, si umesoma?" Shangazi akaniambia.

Nilipimaje? Nilikaa kwenye kiti changu nikautazama mlango, nikihesabu zilizotoka. Oktoba tuliuza mbili. Novemba, mashirika ya misaada yalipokuwa yakimalizia bajeti kabla ya mwaka kufungwa, tukauza nane. Nikaandika: "Tumepanda mara nne. Soko ni letu." Shangazi akaanza kuteremsha madaftari kwenye rafu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nilikuwa nimejisifu mwenyewe, bila hata kusubiri mtu.

Kabla sijaiposti barua, habari ikaja kwamba senene, wale panzi wetu watamu, wameanguka Izigo. Shangazi akanituma nikachukue fungu letu.

Nilimkuta Bibi ameketi juu ya nyasi mbichi zilizotandikwa sakafuni, ananyonyoa senene mabawa na miguu.

"Waitu, mjukuu wangu, umeoa au tai inakukaba tu?"

"Bibi, tumeteka soko!" Nikamsomea barua. Mikono yake haikusimama.

"Jumamosi nilijaza gunia zima," akasema. "Mimi ndiye mwokotaji bora hapa Izigo?"

"Hakuna kama wewe, Bibi."

"Mwongo mkubwa! Mama Byera hapo jirani alijaza matatu, na mgongo unamuuma. Lakini wiki iliyopita, kabla hawajaanguka, mimi niliambulia konzi moja, yeye hata mguu wa senene hakuuona. Haya, msomi, utanipima kwa siku ipi?"

Nikaikunja barua.

"Senene wakianguka hata kuku hushiba," akaendelea. "Usinionyeshe gunia lako. Nionyeshe magunia ya kijiji, ndipo tutajua lako ni fungu gani. Tena Novemba iulize Novemba mwenzake, Oktoba itajua nini? Hao wauzaji wengine wameuza ngapi?"

"Sijui, Bibi."

"Hukuwauliza?"

"Ni mbali."

"Mbali wapi?"

"Ng'ambo ya barabara."

Bibi alicheka mpaka ungo ukapinduka, na nusu ya kazi yake ya asubuhi ikamwagika kwenye nyasi. Tukaokota pamoja, tai ikiburuzika.

Basi nikatembea, mwanangu. Nilivuka barabara, nikaenda ofisi kwa ofisi, nikafika mpaka shule za Kamachumu, nikiuliza nani kanunua nini, lini, kwa nani. Nikagundua kwamba Novemba ile kila duka lilikuwa limepanda kama sisi, mengine kutuzidi. Katika kila kumi, zetu zilikuwa tatu. Novemba ya mwaka uliotangulia zilikuwa nne! Tuliuza nyingi zaidi, lakini fungu letu lilikuwa limepungua. Ni katika miezi ya ukimya tu, shule na zahanati zinaponunua moja moja, ndipo wengi walikuja kwetu, kwa sababu Shangazi hakuwatupa mashine zilipoharibika. Mwaka mzima ukijumlishwa, nusu hatukuifikia.

Nilirudi nikamkuta Shangazi amekumbatia rundo la madaftari, anampelekea jirani.

"Yarudishe, Shangazi. Nilipima vibaya."

"Siku zote hizo ulikuwa unapima nini?"

"Mlango."

Akanitwisha lile rundo lote. Tukaandika barua mpya, ya kweli.

Uwakala mkuu ukaenda kwa mzee mwenye duka ng'ambo ya barabara, aliyepeleka hesabu za Novemba peke yake. Januari shule zikafunguliwa. Kwetu foleni ya madaftari ilifika nje. Yeye alikaa kati ya makasha yake ya kompyuta akipunga nzi. Siku ya tatu akavuka barabara kuja kuwanunulia wanawe madaftari. Shangazi alimhudumia kwa heshima zote, alicheka baadaye. Na wale sita wakaenda shule, kila mmoja na daftari jipya kwapani.

Mwanangu, ukivuna sana, uliza kwanza kama mvua imenyesha shambani kwako tu. Ukipungukiwa, usijilaani kabla hujajua jirani amepata nini. Pima msimu kwa msimu wake, na fungu lako kwa chungu kizima. Wala usikiuze kinachokulisha Januari kwa sababu ya shangwe za Novemba.

Mungu akujalie senene wa kutosha kila msimu, na zaidi ya hapo akupe miguu ya kuvuka barabara.