Cheti cha Mwenzio

Jumanne nilikuwa Kayole, katika duka la kupiga kopi, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu mama mmoja wa shirika la misaada alikuwa akitolewa kopi ya cheti chake cha mfanyakazi bora. Kando yake, jamaa mwenye ovaroli ya kiwanda cha sabuni alikikodolea macho kile cheti kwa husuda isiyofichika.

"Nyinyi wa mashirika mko sawa, madam," akasema. "Semina Naivasha, chai na samosa, halafu mnashukuriwa kwa maandishi."

"Na wewe ukifikisha lengo la mwezi, unapewa nini?"

"Bonasi tu."

"Bonasi," mama akarudia polepole, kama mtu anayeonja kitu. "Mimi nina vyeti vinne. Landilodi hajakubali hata kimoja kiwe kodi ya nyumba."

Jamaa akapangusa kidole kwenye ovaroli, kisha akaligusa jina la mama lililoandikwa kwa wino wa dhahabu. "Miaka tisa niko hapo, na supavaisa bado ananiita wewe wa mashine ya pili."

Mama alipoondoka, jamaa aliinama kwenye kaunta akamnong'oneza mwenye duka: "Ile kopi bado iko kwa mashine? Unaweza kutoa jina lake uweke langu?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Miaka yote ninayoandika safu hii, bonasi sijaiona, na cheti pia sijakiona. Nilingoja jamaa aende zake, nami nikainama palepale kwenye kaunta.