Maji ya Bwawa Juu ya Mchicha Wetu

Mwandiko wangu mtauvumilia. Skuli niliishia darasa la saba, mkono wangu ni mzito, na kuna maneno nayakosea hata nikiyatazama mara mbili. Karatasi hizi nimeziandika kwa siku nne, kidogo kidogo baada ya kazi. Ukifika mahali hapasomeki, ruka, mbele utanielewa.

Wiki iliyopita tajiri wangu wa duka la mabuibui kule Deira, huku kwa Waarabu, alinituma mtaa wa Mirdif kupeleka nguo ya mteja. Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Dereva akapita mtaa tuliokaa nilipokuwa mdogo, na pale palipokuwa na bustani ya bibi nikaona matofali ya saruji, turubai za kivuli na magari yamepangwa. Katikati palikuwa na dimbwi. Dereva akasema, "Hapa maji hayana pa kwenda." Mimi ni mtu wa haya, nikageukia dirishani. Lakini nilishikwa na hasira niliyodhani imeniisha zamani.

Kilikuwa kiwanja kitupu cha mchanga nyuma ya nyumba yetu. Mwenyewe alituruhusu kulima mpaka siku atakapojenga. Bibi yangu, aliyekuja kutoka Unguja akiwa bado msichana, ndiye aliyeanza. Akapanda mchicha, bamia, pilipili na matembele. Kisha akaja mtunza bustani wa jumba la jirani, kijana wa Lushoto, akaomba sehemu yake akapanda nyanya na figili. Mwisho akaja dada Mkenya, mfanyakazi wa ndani wa jumba lilelile, akaotesha sukuma wiki mistari miwili. Alisema bila sukuma hawezi kuamini kwamba amekula.

Huku huwezi kulima kama kwetu. Huinui matuta, maana maji yatakimbia na jua litakausha kila kitu. Unachimba majaruba, vitalu vilivyozama chini ya njia, unavizungushia kingo za udongo ili kila tone libaki humo. Na unalima wakati wa baridi, kwa sababu kiangazi hakuna kinachoota. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwagilia kabla ya skuli. Mpaka leo nikisikia harufu ya mchanga uliolowa na samadi ya mbuzi, vidole vyangu vinakumbuka baridi ya ndoo.

Adui yetu mkubwa alikuwa chumvi. Ardhi ya pale ina chumvi, na maji ya bomba huipandisha juu, ukaona weupe kama unga pembeni mwa majani. Bibi alikuwa akiukwangua kwa kijiko. Kwa hiyo mwaka ule niliokuwa darasa la tatu, mbingu ilipojaa mawingu meusi na upepo wa kaskazini ukaanza kuvuma, bibi alifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni.

Jioni yake wote watatu walikutana bustanini. Yule kijana wa Lushoto alikuwa akilaza nyanya zake chini, anafungua kamba kwenye vijiti kimoja kimoja. Dada Mkenya alifunika sukuma kwa mabeseni ya kufulia na kuyawekea mawe juu.

"Aki bibi, hii upepo itatubeba na mabeseni yenyewe," akasema. "Madam wangu akiuliza nguo zimefuliwa wapi, nitamwambia kwa sukuma."

"Bibi, tutoboe kingo," akasema yule kijana. "Mimi kwetu milimani, maji nayajua. Tutoboe upande ule wa chini, yakizidi yatoke."

"Wacha, mwanangu," bibi akasema. "Mvua yenyewe tunaiona mara moja kwa mwaka. Maji matamu haya, yatashusha chumvi yote. Wewe unataka kuyafukuza?"

"Yakisimama yataozesha mizizi."

"Yatasimama siku moja. Mchanga utayanywa."

Kijana akacheka, akasema inshallah, akaacha jembe. Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa letu wenyewe. Sitalificha. Mtu aliyeishi miaka na miaka akihesabu vikombe vya maji hawezi kutoboa ukingo mvua inapokuja. Na nakuapia, kama ingekuwa mvua peke yake, tungepona. Asubuhi iliyofuata, baada ya kunyesha mfululizo, majaruba yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, lakini majani yalikuwa yamesimama, mabichi kabisa. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Bibi alisimama mlangoni na kanga kichwani akiyatazama kama mtu anayetazama watoto wake wamevaa nguo za sikukuu.

Ndipo tukasikia mashine ya kuvuta maji ikinguruma upande wa pili wa ukuta.

Kwa jirani kungekuwa na sherehe Ijumaa ya wiki ile, binti wa nyumba anachumbiwa. Wiki nzima yule kijana alikuwa ametandika majani mapya ya nyasi, yale yanayoletwa yamekunjwa kama mkeka, na kupanga maua ya vyungu. Sasa bwawa la kuogelea lilikuwa limefurika na uani kote maji. Madam, mama mwenye jumba, hakutaka majani yake yaharibike. Tukaona mpira mnene unapanda juu ya ukuta, unaning'inia upande wetu, kisha ukaanza kutapika. Maji yale yalinuka dawa ya bwawa mpaka macho yakawasha.

Aliyeushika mpira, juu ya ngazi, alikuwa yule kijana wa Lushoto. Maji yalimwagikia kwenye nyanya zake mwenyewe.

Bibi akamwita, "Mwanangu, unafanya nini?"

"Bibi nisamehe. Nimemwambia madam chini kuna bustani. Nimemwonyesha kwa kidole. Kasema khalas, basi, mwaga."

"Kataa."

"Nikikataa kesho niko uwanja wa ndege, narudishwa kwetu."

Na madam alikuwa pale pale juu, kwenye roshani, na kikombe mkononi. Alituona. Alimwona bibi yangu ndani ya maji yaliyomfika magotini akichimba ukingo kwa mikono, na mimi na ndoo. Hakugeuza uso. Alitutazama kama unavyotazama kipindi cha wanyama kwenye televisheni.

Baba alikuwa kazini Deira, njia zimefungwa kwa mafuriko. Bibi Kiingereza hakukijua, na yule kijana alijua maneno ya kazi tu. Dada Mkenya alikijua, lakini neno moja lingemfukuzisha kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nikisoma. Bibi akanishika mabega.

"Nenda kamwambie. Mwambie kwa adabu. Ageuzie mpira barabarani tu, hatutaki kingine."

Njia nzima niliyapanga maneno. Nilibonyeza kengele. Dada Mkenya akafungua, akanong'ona, "Sema yote, usiogope, mimi nitasimama hapa nyuma yako." Madam akashuka. Alikuwa ananukia vizuri, akainama akaniuliza nimepatwa na nini, mbona nimelowa. Kiingereza chote kikanitoka kichwani. Nilisema, "Sori, madam." Hayo tu. Akanipapasa kichwa, akanipa chokoleti, na mlango ukafungwa. Nami nikaipokea ile chokoleti.

Niliporudi bibi akauliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kakataa."

Bibi akaendelea kuchimba. Mpira uliendelea kumwaga mpaka adhuhuri.

Ndani ya siku tano mchicha ukageuka njano, kisha kahawia. Nyanya zikalainika kwenye matawi. Maji yalipokauka chumvi ilipanda nene kuliko nilivyowahi kuiona, na kijiko cha bibi hakikufaa kitu. Sukuma chini ya mabeseni ilikuwa uji. Na ile sherehe, sikiliza, hawakuifanyia pale. Anga bado ilikuwa na mawingu, wakaihamishia hotelini. Yale majani hayakukanyagwa na mgeni hata mmoja. Dada Mkenya alitupa habari hizo akiwa anasonya kila baada ya maneno mawili. Jumamosi madam alimtuma kwetu kuuliza kama bibi ana kotmiri kidogo, yale majani ya giligilani, ya dukani imekwisha.

Yule kijana wa Lushoto hakurudi kulima nasi. Alikuwa akipita njia ya mbali asikutane na bibi, ingawa bibi hakuwa na kinyongo naye hata kidogo na alimwekea kisahani cha futari kila Ramadhani mpaka mkataba wake ulipokwisha. Bibi alijaribu tena msimu uliofuata, mchicha ukatoka mwembamba kama nywele. Kisha mwenye kiwanja akaleta matofali. Dada Mkenya alirudi kwao. Baba akapoteza kazi, mimi nikaacha skuli. Bibi tulimzika mwaka juzi, na hadi siku zake za mwisho, akimtaja yule mama, alisema, "Mtoto mdogo alikwenda kumwomba, akamkatalia."

Sikumsahihisha. Nilikuwa na miaka yote hiyo ya kumwambia kwamba mtoto mdogo hakuomba. Hilo ni langu, nalibeba. Lakini nakataa kulichanganya na la yule mwanamke. Aliambiwa na mtunza bustani wake, alionyeshwa kwa kidole, na alitazama kwa macho yake mwenyewe kikongwe akichimba tope. Hakuhitaji Kiingereza changu ili ajue.

Kama wewe pia uliwahi kulima kwenye mchanga wa watu huko ugenini, katikati ya majumba, naomba uniandikie. Nieleze ulipanda nini, na dhoruba ilipokuja ni nani aliyemwaga maji yake kwako. Na kama wewe ndiye yule kijana wa Lushoto, andika hata mstari mmoja. Nitakujibu, ila unipe siku kadhaa.