Santuri Niliyokataa Kuivunja

Wifi yangu mkubwa alisema ni lazima ivunjwe. Alisema hivyo uani kwangu, mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, akiwa amekalia kiti changu na anakunywa chai yangu. Nataka hilo lieleweke kwanza, maana wapo wanaosimulia habari hii kana kwamba ni mimi niliyeanza ugomvi. Thubutu! Mimi nilikuwa nyumbani kwangu nasikiliza muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa wa filamu za Amerika, zile za zamani, za farasi na merikebu na malkia wenye mabega wazi. Niliujua tangu usichana. Jumapili jioni padri wetu alitundika shuka nyeupe ukutani mwa ukumbi wa parokia akatuonyesha filamu, na kila mwanamume alipomkaribia mwanamke kumbusu, padri aliweka kiganja mbele ya mashine, picha ikapotea. Wavulana walipiga miluzi. Lakini sauti padri hakuweza kuiziba. Fidla zilipanda, zikapanda tena, na mimi pale gizani nilijua kabisa kinachotendeka nyuma ya kiganja kile. Tangu siku hizo nikawa mtu wa muziki ule, basi.

Santuri nilizipata baadaye, wakati wageni walipokuwa wakifunga nyumba zao mtaa wa Golf na kuondoka. Kulikuwa na mama mmoja niliyemshonea mapazia. Alipokuwa anafunga mizigo akaniambia nichague ukumbusho: vikombe vyake vya kaure, au gramafoni na sanduku la santuri. Mwingine angebeba vikombe. Mimi nilijitwika gramafoni kichwani, sanduku nikalifuata kesho yake, na mume wangu, Mungu amrehemu, alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mfanyakazi wa tanuri za shaba, mtu mpole, na akitoka kazini alipenda kujinyoosha kwenye kochi, tarumbeta za filamu zikimpigia kama mfalme aliyerudi vitani.

Watu waliniuliza nimeona nini humo. Jamani, miaka ile kila wimbo ulikuwa na amri ndani yake! Redio iliimba tumsifu Kiongozi. Wafanyakazi walichezeshwa kumsifu Kiongozi, na watoto shuleni vivyo hivyo. Muziki wangu haukuwa na neno hata moja, haukunituma kumsifu mtu. Mwenyekiti wa chama mtaani kwetu alipita mara moja akaniuliza, sitwayeni, maana ndivyo mwananchi alivyopaswa kuitwa siku zile, kwa nini unapiga nyimbo za kigeni? Nikamwomba anionyeshe neno la kigeni alilolisikia. Akasimama akasikiliza, hakulipata, akaenda zake.

Wifi hakuwa mwepesi hivyo. Kulikuwa na santuri moja niliyoipenda kuliko zote. Karibu na mwisho wa upande wa kwanza vyombo vyote vinanyamaza, halafu wanawake wengi wanaimba aaa, aaa, bila maneno, kwa mbali. Kwenye jalada amechorwa mwanamke wa nywele ndefu, na bahari nyuma yake. Sasa nani Lubumbashi asiyemjua mwanamke wa nywele ndefu na maji? Picha yake ilitundikwa kwenye baa na kwenye sebule za watu: mamba muntu, juu binadamu, chini samaki. Anakupa mali, na yeye anachukua watoto wako. Basi wifi akajumlisha mambo. Mume wangu alikuwa amepandishwa cheo, tulikuwa na kochi jipya, na miaka yote ya ndoa sikuwa nimezaa.

"Bale banamuke benye kuimba mu ile disiki, habako bantu," alimwambia mama mkwe mbele yangu, eti wanaoimba kwenye santuri ile si watu. "Njo mamba muntu. Njo anafunga tumbo yake."

Ukweli tuliujua watu wawili tu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepimwa hospitalini, na daktari hakuzunguka: mimi sikuwa na kasoro, asiyeweza kuzaa ni yeye, na dawa hakuna. Tukiwa njiani kurudi, mume wangu alinisihi nisimwambie mtu. Nilikubali kwa sababu nilimpenda. Nikaitwa mgumba sokoni na kanisani, nikanyweshwa mizizi michungu na mama mkwe, na kila mara mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Nilivumilia. Aibu ya mume ni nguo ya mke, ndivyo nilivyofundwa, nami niliivaa mpaka ikachakaa.

Jumapili moja baada ya misa wakaja watatu: mama mkwe, wifi, na baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Baba mdogo alisema kwa upole, kama anasoma matangazo kanisani. Santuri ivunjwe leo, mbele yao, kwa mikono yangu mwenyewe. Nikikataa, nirudi kwa wazazi wangu, na mume wangu ataletewa msichana kutoka kwao kaskazini. Wote wakamtazama mume wangu. Naye akanigeukia, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni disiki tu, niwape, tupate amani.

Disiki tu! Nilikuwa nimemwachia jina langu likokotwe mtaani, na sasa alitaka na furaha yangu pia. Halafu, kuivunja ilikuwa ni kukubali, kwa mikono yangu hii, kwamba nimejifunga tumbo mwenyewe. Nikawaambia hapana. Nikaingia ndani, nikaitoa gramafoni, nikaiweka juu ya kigoda katikati ya ua. Wifi akafikiri naileta ivunjwe, akatabasamu. Nikaweka sindano juu ya santuri ile ile, kisha nikamtazama mume wangu.

"Hii upande ikiisha, utasema weye," nikamwambia. "Kama hausemi, nitasema miye."

Aliniomba kwa macho, lakini siku hiyo sikuwa na huruma. Tukakaa. Upande mmoja wa santuri hauzidi muda wa kupika bukari, ugali wetu, ila ule ulikuwa mrefu. Tarumbeta zikaanza, halafu fidla, halafu mbio za farasi, na mguu wa baba mdogo ukaanza kupiga chini, akauona, akauzuia. Mama mkwe alikuwa anatutazama kwa zamu, mimi na mwanawe, maana mama hadanganywi. Wanawake walipoanza aaa, aaa, wifi akajifanyia ishara ya msalaba. Mimi nilifumba macho. Nilikuwa na hofu, ndiyo, lakini Mungu wangu, jinsi ilivyokuwa nzuri!

Upande ukaisha. Mume wangu akainuka, nasi sote tukangoja. Akaenda kwenye gramafoni, akaigeuza santuri, akaweka sindano upande wa pili, akarudi kuketi.

Nusura nicheke, pamoja na hasira yote. "Hata hii upande iko na mwisho," nikamwambia.

Upande wa pili ulikuwa wa vita, ngoma tupu na matoazi, na jirani mmoja akachungulia juu ya ukuta kuona kuna nini. Mume wangu alikuwa akitiririka jasho. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu mdomoni, na yalikuwa makali. Ngoma ya mwisho ilipopigwa, akasimama kabla yangu.

"Munganga wa hospitali alisha kutuambia," akasema. "Bibi yangu iko muzima. Njo miye mwenye hawezi kuzala."

Baba mdogo akachukua kofia yake. Wifi akawa anatafuta mkoba wake huku ameushika mkononi, akatoka bila kuniaga, na mpaka leo hajaniomba radhi. Nilienda kuwafungulia lango. Mama mkwe akabaki nyuma, akanishika mkono. Yule yule aliyekuja kunitoa nyumbani.

"Mutoto yangu," akaniambia, "utamuacha?"

"Siyui, mama. Kwanza acha nisikilize disiki yangu."

Akarudi uani, akaketi karibu na mwanawe, mikono mapajani. Nikaweka upande wa kwanza, tangu mwanzo, sauti juu. Jibu nilikuwa nalo tangu pale langoni, kwamba nitabaki. Lakini mimi nilikuwa nimengoja miaka, na mume wangu angengoja upande mmoja wa santuri.