Chunjua la Mjomba

Tarehe 9 Machi 2019, binti mmoja aliyekuwa akichora sura za watu kwa penseli alisajili jina la biashara yake ya kwanza: Fulana za Stoo. Karani alimuuliza kama ana uhakika na jina hilo. Alikuwa nao. Stoo ndiyo ilikuwa mtaji wake wote: chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mjomba wake, chenye dirisha dogo, sinki lililopasuka na kamba za kuanikia zilizopita juu kwa juu, kiasi kwamba kila mgeni huzabwa kibao na mkono wa fulana mbichi kabla hajasalimiwa.

Nyumbani wanamwita Wino, kwa sababu ya kucha zake zisizotakata rangi. Kila picha huichora mwenyewe: jogoo wa jirani anayekimbiza mbwa, fundi viatu aliyesinzia na sindano mkononi, muuza nyanya akimkodolea macho mteja anayebonyezabonyeza. Chini yake huandika maneno mawili matatu. Wateja wengi husema wananunua maneno, picha ni nyongeza. Hilo humkera, ila fulana zinatoka.

Mjomba wake ni mkaguzi mstaafu wa mizani. Maisha yake yote ya kazi alizunguka masokoni na mawe ya kupimia kwenye sanduku la mbao, na hadi leo haamini kilo ambayo hakuipima mwenyewe. Kazi, kwake, ni kitu chenye kipimo. Kuchapa fulana alikuita “ule mchezo wako”. Kwa hiyo fundi pikipiki wa mtaani alipoomba stoo ya kuwekea matairi, mjomba alimwambia mpwa wake, bila kuinua macho kwenye kikombe cha chai, kwamba mwisho wa mwezi apishe.

Mke wa mjomba ndiye aliyeingilia kati. Mzee alikuwa anakaribia kutimiza miaka sabini na ukoo wote ungekuja. Akashauri Wino achape fulana zenye sura ya mumewe, kila mtu avae. Mjomba alikubali kwa masharti. Watu wakiitambua sura, stoo ni ya Wino. Wasipoitambua, matairi yanaingia.

“Na maneno usiweke,” akaongeza. “Mwenye sura hahitaji maelezo.”

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta balaa. Wino huchora kwa wino mweusi kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, kisha huilaza juu ya fremu yenye kitambaa kilichopakwa dawa, akaimulika kwa taa. Dawa inayopigwa na mwanga huganda. Iliyofichwa na wino husafishwa kwa maji, na hapo ndipo rangi hupita. Plastiki ikilazwa kifudifudi, kila kitu hutoka kimegeuka. Siku zote maneno humwonya, maana yanasomeka kinyumenyume. Safari hii hapakuwa na maneno.

Mjomba ana chunjua kwenye shavu la kulia, na sikio lake la kushoto limejitokeza kama mkono wa kikombe. Kwenye fulana, chunjua lilikuwa shavu la kushoto na sikio lililojitokeza lilikuwa la kulia.

Siku ya shughuli ukoo ulizipokea fulana na kuanza kuzigeuzageuza. Binamu mmoja alidhani ni marehemu babu. Dada mkubwa wa mjomba aliishika yake mbali na macho, akasema ndugu yake anamjua, ila huyu anaonekana ana jambo anawaficha. Fundi pikipiki, aliyealikwa kwa ujirani, alianza kuulizia ufunguo wa stoo. Mke wa mjomba ndiye aliyepigilia msumari.

“Miaka arobaini nalala upande wa lile chunjua,” alisema. “Hili si lake.”

Wino alielewa papo hapo alichokosea. Kabla hajafungua mdomo, mjomba alitoka chumbani, akachukua fulana moja, akaitazama kwa muda mrefu.

“Huyu ni mimi,” akasema. “Ninyi mnanitazama tu. Hamjawahi kunikagua.”

Aliipeleka kwenye kioo cha ukumbini, akaishika kando ya uso wake uliomo kiooni. Chunjua kwa chunjua, sikio kwa sikio, upande uleule. Aliwaita mmoja mmoja wachungulie juu ya bega lake, nao mmoja mmoja wakakiri.

“Basi mimi niliolewa na nani?” mkewe aliuliza.

Wino alikuwa ameshinda. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, naye alinyamaza. Ndipo mjomba, kwa furaha, akaivaa ile fulana na kurudi kwenye kioo kilekile kujitazama. Usoni chunjua lilikuwa upande mmoja, kifuani upande mwingine. Akaangalia chini, akaangalia juu. Akakifuta kioo kwa leso.

“Hiki kioo alikinunua nani?”

“Wewe,” alijibu mkewe. “Na ulikipima.”

Uzalendo ukamshinda Wino. Akamwambia mjomba kwamba kioo hakina kosa, kosa ni lake: plastiki aliilaza kifudifudi. Watu walisubiri hukumu. Mjomba alikaa, akafikiri kama mtu aliyeshika mawe ya kupimia. Mwishowe alimwambia fundi pikipiki atafute pengine pa kuweka matairi. Mzani uliopinda, alieleza, hautupwi. Hufungiwa hadi urekebishwe, na mwenye mzani haondoki pale mpaka mkaguzi aridhike. Fundi aliuliza mkaguzi ataridhika lini. Mke wa mjomba akamshauri aanze kutafuta leo.

Fulana zote zitachapwa upya. Moja tu haitarudi: mjomba huivaa akiwa nyumbani, na ukumbini hupita haraka.

Jumatatu asubuhi Wino atapaka dawa fremu mpya. Mjomba ameshahamishia kiti chake stoo, na ametangaza kwamba hakuna fremu itakayomulikwa kabla hajaiona mbele na nyuma.