Swichi Isiyojizima

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa Kigali nikingoja kupimwa kikohozi. Mlango wa daktari ulikuwa wazi. Ndani alikuwamo fundi cherehani, tepu shingoni, na mkewe mwenye uvimbe.

"Mzee, kila chembe ya mwili ina swichi ndogo sana," alisema daktari. "Amri ya kukua ikija, inawaka. Ikishapeleka ujumbe, inajizima. Kwenye uvimbe wa mama imekataa kujizima."

Fundi alikanyaga sakafu kama pedali ya cherehani ya umeme, kisha akainua mguu.

"Nimetoa mguu, na sindano bado iko inashona?"

"Ndiyo hivyo."

"Nani aliwasha?"

"Hakuna mtu. Wataalamu wenyewe wameijua miaka hii tu."

"Muganga, mashine yangu ikifanya hivyo, nachomoa waya."

Daktari alivua miwani. "Dawa tuliyo nayo inachomoa waya pia. Lakini ni wa nyumba nzima, hata vyumba visivyo na shida."

Mkewe akauliza, "Na mimi niko chumba gani?"

Zamu yangu ilipofika, daktari aliniuliza ninaumwa nini. Nilishindwa kukumbuka.